Siku Mwalimu Alipokataa Kuniandikia Nota

Nilipata nafasi katika kwaya ya opera hapa Sydney nikiwa na miaka thelathini na minane, na sikuwa najua kusoma nota. Leo nina wanafunzi kumi na mmoja wanaokuja nyumbani kwangu Guildford kujifunza kuimba, na naona ni haki yao kujua mwalimu wao alianzia wapi.

Niseme vizuri. Nota za solfa nilizijua. Nilikulia Tanga, katika kwaya ya kanisa, na huko wimbo mpya uliandikwa ubaoni kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta na vistari vya kuonyesha mapigo. Tuliimba herufi kwanza, maneno baadaye. Nilipofika kidato cha nne niliweza kuutazama ubao mara moja na kuimba sauti ya kwanza bila kushikwa mkono. Shule yangu iliishia hapo, lakini solfa nilisafiri nayo. Nimesafiri sana, maana miguu yangu haijawahi kutulia: Arusha miaka mitatu, Maskati minne, kisha huku. Kila mji nilitafuta kwaya kabla sijatafuta godoro. Hata sasa, nikisikia watu wanajaribu sauti kabla ya ibada, nasimama kwanza, na Tanga yote inanijia.

Ila opera haiimbwi kwa solfa. Kitabu chake kina mistari mitano mitano, na juu ya mistari hiyo vichwa vyeusi vimetapakaa kama pilipili manga iliyomwagika. Hayo sikufundishwa na mtu.

Utauliza niliingiaje. Nilikuwa nafunga maboksi kwenye ghala moja Wetherill Park, na Jumapili naimba katika kwaya yetu ya Kiswahili. Siku moja tulimzika muuguzi Mkenya wa kanisani kwetu, na mazishini akaja bibi mmoja aliyewahi kuuguzwa naye. Bibi huyo Mwaustralia alikuwa ameimba opera maisha yake yote, soprano, kisha akastaafu na kubaki kufundisha. Baada ya mazishi alipita katikati ya watu na fimbo yake, akauliza nani aliyekuwa anaimba ile sauti ya juu kabisa. Wenzangu wakanisukuma mbele.

Alinifundisha miaka sita, kila Jumamosi. Hakutaka kitu ila maharage ya nazi, ambayo aliyala akiwa bado amekaa mbele ya piano. Alinifundisha kupumua, kufungua koo, kuiacha sauti ijiendee yenyewe badala ya kuisukuma. Alipiga piano, nami nikafuata kwa sikio. Kitabu nilikishika mkononi kama mtu anayesoma, na kurasa nilizifungua kwa wakati wake. Hakuwahi kuniuliza kama nasoma, nami sikuwahi kusema. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye usaili. Niliimba nyimbo mbili kwa kichwa, nikachukuliwa kwa msimu mmoja. Ghalani niliaga, wakaninunulia keki.

Kitabu cha opera ya kwanza kilipofika, nilikipeleka kwa mwalimu wa kwaya yetu. Ni Mkenya. Kwao alikuwa anafundisha muziki sekondari; huku anaendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo ghalani, Wetherill Park hukohuko. Alijua solfa na alijua mistari. Jumapili mbili mfululizo, baada ya ibada, alikaa na penseli akaniandikia herufi ndogondogo juu ya kila nota yangu.

"Na huko kwa opera wanajua?" aliniuliza.

"Bado, Mwalimu."

"Aya. Kazi ni yako."

Nilikwenda mazoezini nikijua kila kitu kwa kichwa. Siku tatu nilijiona malkia. Siku ya nne, asubuhi, kiongozi wa kwaya ya opera, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, aligawa kurasa nne mpya. Sehemu moja iliyokuwa imekatwa sasa imerudishwa, alisema, tuisome mara moja tuendelee. Wenzangu wakainua karatasi na kuimba, hivihivi, kama watu wanaosoma gazeti. Mimi nilifungua mdomo tu. Hakuna kilichotoka.

Akasimamisha piano. "Wewe wa mwisho, safu ya pili. Imba peke yako."

Ningeweza kusema koo linauma. Nililifikiria hilo, na sijui ni nini kilichonizuia. Nikasema, "Sijui kusoma nota hizi."

 Akaja, akachukua kitabu changu, akafungua kurasa za mwanzo, akakuta herufi za penseli. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine.

"Ulijifunza kitabu kizima namna hii?"

"Ndiyo."

"Mimi siwezi kusimamisha watu arobaini wakusubiri uandikiwe," alisema, na hakusema kwa ubaya. "Kesho saa nne utaniimbia kurasa hizi nne peke yako. Ukiziweza, unabaki. Usipoziweza, itabidi nimwite mwingine."

Nilipanda treni, kisha basi, nikafika kwenye geti la ghala la Mwalimu kabla ya zamu yake kuisha saa tisa. Alitoka na fulana yake ya rangi ya machungwa, akaniona nimesimama na bahasha kifuani.

"Dada! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Samahani, Mwalimu, samahani sana kukusumbua kazini..."

"Nyinyi watu wa Tanzania mnaomba samahani hata mkikanyagwa. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Alinikalisha kwenye gari lake, akanipa nusu ya chapati yake na yai, na nikamweleza yote huku natafuna. Aliweka kurasa juu ya usukani, akazipitia akiguna. Nikatoa penseli kwenye mkoba nikampa. Akaitazama ile penseli, akairudisha.

"Leo siandiki."

Nilidhani ananitania. "Mwalimu, kesho saa nne!"

"Nimesikia. Nikiandika leo, wiki ijayo watakupa karatasi ingine. Utakuja hapa tena? Mimi nitakuwa nakuandikia mpaka nistaafu?"

"Kesho nitafukuzwa."

"Hufukuzwi. Na acha kulia kwa chapati yangu."

Nilikasirika sana, siwezi kuficha. Nilishika mlango nishuke. Nilikwisha kuacha kazi, na kurudi kwenye maboksi baada ya keki ile ilikuwa aibu ambayo sikuwa tayari nayo. Zaidi ya hapo, niliwaza kumwambia yule bibi wa Jumamosi kwamba miaka sita nilikuwa nafungua kurasa bure.

"Imba do mi so," alisema Mwalimu.

"Nini?"

"Do mi so. Imba, bwana."

Nikaimba kwa hasira. Akaweka kidole chenye mafuta ya mashine kwenye mstari wa pili kutoka chini. "Huu wimbo, do inakaa hapa. Kwa mstari. Mi iko mstari unaofuata. So, unaofuata huo. Ni ngazi tu, dada. Re na fa wanakaa katikati ya mistari. Sasa hii hapa ni nini?"

"Mi."

"Na hii?"

Nikahesabu. "Fa. So. Mi... do."

"Sasa uliambia watu hujui kusoma kwa nini?"

Nilizitazama zile pilipili manga, na kwa mara ya kwanza nikaona zinapanda na kushuka. Ilikuwa solfa ileile. Tofauti ni kwamba badala ya kuandika jina la kila mtu, wamechora mahali anapokaa. Kwa miaka yote niliyoiogopa karatasi, hakuna aliyewahi kunionyesha mahali do inapokaa.

Haikuwa rahisi hivyo hadi mwisho. Kwenye ukurasa wa tatu wimbo ulihama ufunguo, do ikapanda hadi kati ya mistari, na mimi nikapotea kabisa. Mwalimu aligonga mapigo kwenye dashibodi, tukarudia, nikapotea tena, tukarudia. Wafanyakazi wenzake walipita wakienda kwenye magari yao, na mmoja akagonga kioo akauliza kama redio imeharibika. Mwalimu akafungua dirisha akamjibu, "Hii ni opera! Lipa kiingilio!" Jua lilipoanza kutugeukia upande wa vioo vya mbele, niliimba kurasa zote nne pole pole, bila herufi hata moja. Nilipofika nyumbani niliziimba jikoni nikipika, nikaziimba nikikunja nguo.

Kesho yake, saa nne, kiongozi alikuwa peke yake na mpiga piano. Nilisimama. Nikavuta pumzi kama bibi wangu wa Jumamosi alivyonifundisha. Nikaimba. Kwenye ukurasa wa tatu niliteleza, nikashika. Karibu na mwisho nikateleza tena.

Kiongozi alifunga kitabu chake. "Umekosea mara mbili," alisema. "Jana baadhi ya wenzako walikosea zaidi." Kisha akaniambia nikakae mahali pangu, wengine wanakaribia kufika, na kwamba kila Jumatatu nitafika nusu saa mapema asome pamoja nami. Alifanya hivyo msimu mzima. Hakuna mkataba uliomtaka afanye.

Nimeimba huko miaka minane sasa. Mara nyingi niko katikati ya wanakijiji au wafungwa. Mara mbili nilikuwa mjakazi mwenye maneno yake mwenyewe jukwaani, na mara ya pili bibi wangu alikuja na fimbo yake akakaa mbele. Nilikuwa nimeshamwambia ukweli. Alicheka hadi akakohoa, akasema alishangaa tu kwa nini sikuwahi kuandika chochote kwenye kitabu changu.

Siku ile ya kurasa nne, nilitoka nje wakati wa chai nikampigia Mwalimu. Hakupokea, alikuwa kazini, kwa hiyo nikamtumia ujumbe wa sauti: nimebaki. Jibu lilikuja saa ya chakula, na nyuma ya sauti yake foklifti zilikuwa zinalia pii, pii, pii.

"Asante Mungu, dada. Sasa sikia. Jumapili usije kutuimbia kama mtu wa opera. Utafunika alto wangu, na wao ni wawili tu."

Jumapili nilifika wa kwanza, nikapanga viti.