Kuku Chini ya Mawingu Yangu

Siku niliyoharibu kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, mwenye nyumba alipiga magoti akalia, kisha akaniita mwizi.

Hakukosea. Ngojeni niwaeleze, na mukitaka kunicheka, municheke mwishoni.

Ilikuwa mwaka wa 2000, hapa Kamembe, mpakani. Mimi jina langu Gisa, fundi wa rangi. Nilizaliwa Bukavu, Congo, ng'ambo ya mto, kwa sababu wazazi wangu walikimbilia huko zamani. Vita vikaja, vikaondoka, vikarudi. Nikajikuta upande huu peke yangu. Mama tulimzika kule. Ndugu zangu wawili, mumoja yuko Uvira, mwingine mpaka leo sijui.

Kule balikuwa bananiita Munyarwanda. Huku bananiita Mukongomani.

Jioni narudi chumbani, napika maharage ya muntu mumoja, naongea na sufuria. Kweli kabisa. Nailaumu ikichelewa kuchemka.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho: kazi. Mzee Mulume wa Kadutu, mtaa wetu kule Bukavu, alinifundisha kupaka kwa tabaka. Siyo kupitisha rulo halafu unadai umemaliza. Tabaka juu ya tabaka, unangoja kila moja ikauke, na ile ya chini unaiachia nafasi ionekane kidogo. Chumba cha mutoto, mji mzima hakuna aliyenifikia. Sijisifu, ni ukweli.

Mwezi wa tisa akanijia mwalimu mumoja wa shule ya primeri, Mukakalisa. Mwanamke wa maneno machache, hana bwana, hana mutoto.

"Fundi, nataka chumba cha mutoto."

"Mutoto ana miaka ngapi, Maman?"

"Kumi. Kama ni yeye."

Nikamuangalia. Kama ni yeye tena? Akanikalisha kwenye kiti akanieleza.

Nyumba ilikuwa ya kaka yake. Wakati wazazi wao wanakimbia zamani, kaka alibaki huku kwa bibi, Mukakalisa akavushwa mgongoni mpaka Bukavu, akakulia kule sawa na mimi. Mwaka wa 94 kaka na mke wake bakauawa. Binti yao, Tumukunde, alikuwa na miaka minne. Jirani alimvusha Congo, na huko akapotea. Vita ilipoisha, Mukakalisa akarudi kukaa ndani ya nyumba ile.

"Nilimuona mara moja tu, siku ya ubatizo," akasema. "Alikuwa analala. Hata leo bakimpanga na batoto kumi, nitamujua na nini?"

Kulikuwa na shirika linalotafuta batoto waliopotea. Lilishamletea wawili. Wa kwanza alikaa wiki mbili, Mukakalisa akamshonea na nguo, halafu mama yake mzazi akatokea kisiwa cha Nkombo na mtumbwi. Wa pili alilia siku nne, akasema mwenyewe kwamba alidanganya kwa sababu ya njaa.

"Huyu ni wa tatu. Atakuja baada ya wiki tatu. Chumba nitatengeneza, Gisa. Lakini moyo nitaufunga mpaka nione kitu cha kweli. Siwezi tena kurudisha mutoto mara ya tatu."

Halafu akanishika mkono, akanipa sharti moja tu.

"Ukwangue mpaka kwenye simenti. Chokaa yote ya zamani itoke. Sitaki mutoto alale na vumbi ya ule mwaka."

"Nitakwangua, Maman. Usiwe na wasiwasi."

Ndugu zangu, kukwangua ni kazi ya adhabu. Vumbi puani, vidole vinavimba, na ukimaliza hakuna muntu anakusifu, maana hakionekani kitu. Nilikwangua ukuta ule wa mlangoni. Maganda ya chokaa nikayaacha chini siku mbili ili ayaone akipita. Akayaona. Akaniletea chai na mandazi.

Zile kuta tatu zingine nilizipangusa na kitambaa, nikapaka juu.

Ndiyo hivyo. Mwizi wa kazi.

Lakini pale juu ya uongo wangu nilifanya maajabu. Kwanza nyeupe ya mafuta, nzito. Ikakauka. Halafu bluu ya asubuhi, nyepesi. Halafu mawingu kwa eponji iliyokamuliwa vizuri, unagusa na kuinua, unagusa na kuinua, mpaka bluu inachungulia katikati. Vilima nikaviweka mara tatu, vya mbali vimefifia, vya karibu vina nguvu. Ndege nikawakata kwenye karatasi ngumu, nikapaka ndani ya tundu.

Chini kabisa, kuzunguka chumba, majani. Hapo nilitumia ujanja wa Mzee Mulume: unapaka njano, ikikauka unachora majani na mshumaa, unapaka kijani juu. Kesho yake unasugua, na kijani inatoka pale penye nta. Majani ya njano yanasimama, moja moja.

Wiki tatu nilikaa ndani ya chumba kile. Nikaanza kuongea na huyo mutoto ambaye hayuko.

"Tumu, wingu hili umelipenda? Hapana? Basi nilipunguze."

Ilikuwa afadhali kuliko sufuria. Niseme wazi: nilikuwa nampenda mutoto wa watu kabla sijamuona, na nilikuwa naogopa kazi iishe, maana ikiisha narudi kwa maharage yangu.

Akaja Jumamosi mchana. Bwana wa shirika, Védaste, alimshusha kwenye gari. Kasichana kembamba, kamelelewa na familia moja kule Walungu, Congo, kameshika mfuko wa plastiki na mikono yote miwili. Mimi nilikuwa bado nasafisha brashi.

Mukakalisa hakumkumbatia. Alisimama mbali, mikono nyuma, nikaona anavyojifinya vidole.

"Papa yako aliitwa nani?"

"Papa."

"Na mama?"

"Maman."

"Mulikuwa munasali wapi?"

Mutoto akatikisa kichwa. Miaka minne, atajua nini? Lakini wale wawili wa kwanza walijua majina yote. Walikuwa wamefundishwa.

"Nyumba hii unaijua?"

"Ilikuwa mukubwa," akasema polepole.

Mukakalisa akafumba macho. Akampeleka chumbani. Nilitazamia mutoto aangalie mawingu. Wiki tatu nilikuwa nangoja uso ule.

Hata hakuyatazama. Alienda moja kwa moja kwenye ukuta wa kitanda, akaweka kiganja.

"Kuku yangu iko wapi?"

"Kuku gani?"

"Nilichora kuku na makala ya jiko. Na bana-kuku. Mumoja haina kichwa, maana papa alinikamata kabla nimalize. Akanipiga hapa." Akagusa mkono wake. "Akapaka chokaa juu. Akasema, sasa kuku yako imelala."



Mukakalisa akanigeukia.

"Gisa. Ukuta hii uliikwangua wewe mpaka kwenye simenti. Uliona kuku?"

Mama weee.

Mungejibu nini ninyi? Nikisema niliona, nimempa mutoto juu ya uongo, na siku moja mama mwingine anatokea na mtumbwi. Nikisema sikuona, hilo ni neno la kweli kabisa. Sikuona! Jina langu linabaki safi, na kasichana kanarudi garini.

Nikakaa kimya. Hiyo dakika ninaionea haya mpaka leo.

"Kama fundi hakuona, hakuna," Mukakalisa akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa kuchoka. "Papa Védaste, nisamehe. Siwezi."

Mutoto hakulia. Akaanza kufunga mfuko wake wa plastiki, fundo moja, fundo la pili, vizuri sana. Alikuwa amezoea. Mimi nilikuwa nimeondoka nyumba nyingi, naujua ule ufungaji.

"Maman," nikasema. "Sikukwangua."

"Umesema?"

"Nilikwangua ule wa mlangoni tu. Hizi tatu nilikudanganya. Chokaa ya kaka yako yote iko hapo chini."

Sitaki kuwaeleza jinsi alivyoniangalia.

Nikachukua kisu cha kukwangulia. "Tumu, nionyeshe wapi."

Akaonyesha mahali palipokuwa mbele ya macho yake, amesimama. Nikakata katikati ya wingu langu zuri kuliko yote. Mawingu yakatoka. Bluu ikatoka. Nyeupe ya mafuta ikabanduka na ganda zima, maana rangi ya mafuta juu ya chokaa chafu haishiki, na mimi nilijua hivyo tangu mwanzo. Ikatokea chokaa ya kijani. Chini yake nyeupe. Kila mwisho wa mwaka yule papa alikuwa anapaka nyumba yake.

Simenti.

Hakuna kitu.

Nikapanua. Vilima vikaondoka, ndege wakaondoka. Simenti tupu. Jasho linanitoka, na nyuma yangu nasikia Mukakalisa anapumua kwa nguvu.

"Basi, Gisa," akasema. "Wacha."

"Ilikuwa hapa," mutoto akasema, na sasa ndipo akaanza kulia. "Mbele ya macho yangu. Mi sidanganye!"

Mbele ya macho yangu.

Nikasimamisha kisu. Mjinga mimi! Niliwapakia batoto vyumba vingapi, na kila mara kazi ya chini naiweka chini zaidi, kwa sababu mutoto anaishi huko chini?

"Tumu, ulikuwa na miaka minne," nikamwambia. "Macho yako ya ule wakati yalikuwa wapi?"

Akanitazama. Halafu akachuchumaa, akakaa sawa na kitoto kinachojificha, na kidole chake kikagusa majani yangu ya njano.

Tulisogeza kitanda mimi na Védaste. Nikapiga magoti. Nikakwangua polepole kuliko nilivyowahi kukwangua maishani. Njano. Nyeupe. Kijani ya zamani. Ile nyeupe ya mwisho sikuikata na kisu. Niliilowesha na kitambaa, nikaipangusa.

Mguu ukatokea. Vidole vitatu vya makala.

Mguu wa pili. Tumbo kubwa la ovyo. Mdomo. Nyuma yake vifaranga, kimoja, viwili, vitatu.

Cha nne hakikuwa na kichwa. Kulikuwa na mstari mmoja uliokimbia pembeni, pale mkono wa mutoto ulipovutwa.

Mukakalisa alianguka magoti pembeni yangu. Akaweka kipaji cha uso kwenye ule ukuta, mahali kaka yake alipopitisha brashi, akalia kwa sauti ambayo nadhani aliizuia miaka sita. Halafu akamvuta mutoto, wote wawili wakajaa makala na chokaa.

"Tumukunde," alikuwa anasema. "Tumukunde, Tumukunde."

Mimi nikakusanya brashi zangu taratibu. Nilikuwa mlangoni aliponiita.

"Gisa. Wewe ni mwizi."

"Ndiyo, Maman."

"Jumatatu urudi ukwangue zile zingine mbili. Mpaka kwenye simenti. Nitakaa kwenye kiti nikuangalie. Na hii ya kuku usiiguse mpaka nife."

"Ndiyo, Maman."

"Na kesho, Jumapili, uje ukule. Tuko watatu."

Nilitembea mpaka chumbani kwangu, nikakaa. Nikafikiri: mimi, nikirudi Bukavu leo, kuna ukuta gani utanijua? Ile nyumba yetu ya Kadutu banaikaa bantu wengine. Nililia pia, siwafichi. Halafu nikaiambia sufuria kwamba kesho haitapika.

Sasa usije ukasema uvivu wangu uliokoa mutoto. Hapana! Uvivu wangu ulimfungisha mfuko. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake. Kilichomrudisha ni mdomo uliokubali kuaibika kabla gari halijawashwa.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, kwangua. Na kama hukukwangua, sema.

Na ukitafuta kitu kilichoachwa na mutoto, anza kwa kupiga magoti.