Riwaya Ndani ya Kitabu cha Mapishi

Mwezi uliopita shangazi yangu alinipigia simu kutoka Gesima akaniambia niende nichukue vitabu vyangu kabla fundi hajaanza kubomoa nyumba ya nyanya. Nilidhani ananitania. Panya wa kwetu hawana ubaguzi, wanakula Biblia na daftari la hesabu kwa hamu ile ile, na sikutarajia kuwa kuna karatasi yangu iliyopona. Lakini nilipofika alinikabidhi vitabu viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba ya katani. Kimoja kilikuwa riwaya ya mapenzi isiyo na jalada. Cha pili kilikuwa kitabu kinene cha mapishi ya afya, cha Kiingereza, chenye jalada gumu na picha za rangi.

"Hicho kikubwa sikitaki kwangu hata siku moja," alisema. "Mama alikifuata neno kwa neno, na uliona mwenyewe vile alikufa."

Shangazi aliambiwa mwaka jana kwamba naye ana ugonjwa wa sukari, ule ule uliomchukua nyanya. Daktari alimpa dawa na karatasi ya chakula. Dawa alimeza akikumbuka, lakini ile karatasi aliitumia kuwashia moto. Binti yake alimbembeleza mpaka akachoka. Jibu la shangazi lilikuwa moja tu, kwamba chakula cha vitabu kilijaribiwa na mama yake, tena kwa imani, na hakikumsaidia, basi yeye atakula anachotaka hadi siku yake ifike. Na siku hiyo duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba nyanya hakukifuata kitabu kile hivyo. Mtu huyo ni mimi.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, na univumilie, maana jambo hili nimelibeba tangu nikiwa darasa la saba.

Nililelewa na nyanya, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa walimu wilaya nyingine, wakaona ni heri nibaki mahali penye maziwa na nidhamu. Nyumba ilikuwa juu ya mteremko, na chai ilishuka kutoka nyuma ya jiko hadi mtoni. Asubuhi kulinuka moshi wa mkaratusi na uji wa wimbi. Mchana jua liliwaka kwa bidii, halafu ikifika saa nane au saa tisa mvua ilipiga mabati hata usisikie mtu aliye kando yako. Nyanya alichuna chai siku zote isipokuwa Sabato, lakini hakuwahi kuinywa, kwa kuwa kanisa letu liliikataza. Alisema chai ni ya kuuza, na walio mbali ndio wanajua watakachojibu mbele ya Mungu. Ijumaa tulipika kila kitu kabla jua halijatua, maharagwe, wimbi, chinsaga iliyochemshwa na maziwa mpaka uchungu wake ukatulia, na Jumamosi hatukuwasha moto. Mpaka leo, Ijumaa ikifika jioni, pua yangu inatafuta ile mboga.

Kitu kimoja tu kilimshinda nyanya, nacho ni ndizi mbivu. Alizivundika mwenyewe kwenye gunia juu ya dari ya jiko, na alijua siku ya kuiva kwa harufu tu, bila kupanda kuangalia.

Kisha akaanza kunywa maji mengi na kukonda, akaenda kupimwa, akarudi na jina la ugonjwa. Shangazi, ambaye wakati huo aliuza nguo mjini Kisii, ndiye aliyeleta kitabu cha mapishi. Nyanya alisoma Biblia yake ya Ekegusii bila kukwama, na nyimbo zote alizijua kwa moyo, lakini Kiingereza hakukijua. Shangazi akaniketisha chini. Kila siku nikitoka shule nimsomee nyanya kidogo, nimweleze kwa lugha yetu anachoruhusiwa kula na anachokatazwa. Niliona fahari. Katika nyumba ile, kitabu kinene cha Kiingereza kilikaa hatua moja tu chini ya Maandiko.

Sasa hapo ndipo jirani yetu anapoingia. Alikuwa mwanamke kijana aliyerudi kwao baada ya ndoa kumshinda, na alirudi na mtoto mgongoni na katoni ya riwaya za mapenzi kichwani. Alinipenda kwa sababu nilikuwa namsaidia kuteka maji. Akaanza kuniazima riwaya, moja moja, kwa sharti kwamba nisikunje kurasa. Riwaya zilikuwa ndogo, na kitabu cha mapishi kilikuwa kikubwa. Nadhani umeshaelewa. Nyanya akiketi barazani kuchambua wimbi, mimi niliketi mbele yake na kitabu cha afya mapajani, na ndani yake riwaya imelala kama mtoto ndani ya shuka.

Nikupe maoni yangu juu ya vitabu hivi viwili, maana siku hizi watu hupenda kuulizana kitabu gani kiliwabadilisha maisha, na wote hutaja vitabu vya heshima.

Riwaya za mapenzi zilikuwa tamu. Sitajifanya mtakatifu hapa. Zilikuwa tamu kuliko chochote nilichosoma shuleni, na nilikuwa tayari kukosa chakula ili nijue kama yule bwana mrefu mwenye mashamba atamwomba yule msichana msamaha. Alimwomba kila mara, karibu na mwisho, kwenye mvua. Hakuna aliyepata homa. Hakuna aliyechuna chai, wala aliyekwenda chooni. Mtu akiugua katika riwaya hizo, anaugua kidogo tu, kiasi cha mpenzi wake kumletea supu kitandani. Hakuna kidonda kinachonuka. Na jirani yangu alikuwa amezisoma zote kabla hajaolewa, na bado akachagua mume aliyemvunja jino. Kama zilimfundisha kitu, sikukiona.

Kitabu cha mapishi nacho nilikidharau. Kilijaa majani ya saladi ya nchi za watu, mafuta ya zeituni, na jamii za njugu ambazo Kebirigo sokoni ungemuuliza mtu angekuitia wenzake waje wacheke. Chinsaga haikutajwa. Wimbi haukutajwa. Nilisoma kurasa tano au sita za mwanzo kwa uaminifu, nikamwambia nyanya aache mafuta na nyama ya kukaanga, akaacha. Baada ya hapo nikawa nafungua kitabu kwa ajili ya kile kilichofichwa ndani.

Siku ninayoikumbuka mvua ilikuwa imepungua. Riwayani bwana mmoja alikuwa amemshika msichana mkono kwenye kituo cha gari moshi, na gari lilikuwa linaondoka. Nyanya akainua uso kutoka kwenye ungo.

"Omwana one," aliniita, mtoto wangu, "na ndizi? Kitabu kinasemaje juu ya ndizi mbivu?"

Alikuwa ameacha kuzigusa kwa wiki tatu kwa woga wake mwenyewe. Ningeweza kutafuta ukurasa. Ungenichukua dakika mbili. Nilisema, macho yangu yakiwa bado kituoni, "Kinasema ndizi ni tunda, nyanya, na matunda hayana shida. Kula tu."

Alicheka kwa sauti, akamshukuru Nyasae, Mungu wake, akanituma jikoni. Alikula nne pale pale. Kutoka siku hiyo alikula kila siku, asubuhi na jioni, na akiulizwa alijibu kwa kujiamini kwamba kitabu kimeruhusu. Hata mama mmoja wa kanisani mwenye ugonjwa kama wake alikuja kuuliza, nami nikamjibu vile vile, kwa sababu uongo ukishatamkwa mara moja, mara ya pili haukutoi jasho. Sijui yule mama aliishia wapi. Naogopa kuuliza.

Baadaye nyanya alikanyaga kisiki cha chai iliyopogolewa. Alizoea kuchuna bila viatu, akisema udongo wa Gesima haujawahi kumdhuru. Tundu lilikuwa dogo. Aliweka majani, akafunga kitambaa, akaendelea na kikapu chake. Wiki ya pili mguu ulivimba. Wiki ya tatu nilianza kuisikia harufu nikiwa bado mlangoni, na nilijifanya siisikii, nikakaa mbali kidogo na kufungua kitabu. Jirani ndiye aliyemwita shangazi. Walimpeleka hospitali, na huko wakamkata mguu chini ya goti.

Nilibaki nyumbani na ng'ombe na kuku. Siku hiyo, nafikiri kwa mara ya kwanza, nilikifungua kitabu cha mapishi bila kuweka kitu ndani yake. Sehemu ya wagonjwa wa sukari ilikuwa karibu na mwisho, kurasa mbili tu, Kiingereza chepesi ambacho mtoto wa darasa la saba alikielewa chote. Ilisema vyakula vya wanga na matunda matamu vipimwe, na ndizi mbivu ilitajwa kwa jina. Ilisema mgonjwa asitembee bila viatu. Ilisema aitazame miguu yake kila siku, na akiona kidonda, hata kidogo, aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Nilisoma mara nyingi. Kisha nikavichukua vile vitabu viwili nikavisukuma chini kabisa ya sanduku la nguo, na jirani nikamwambia riwaya yake imepotea.

Shangazi aliporudi kutoka hospitali aliniuliza swali moja. "Ulikuwa unasoma kila siku?" Nikamwambia ndiyo, kila siku. Na ilikuwa kweli.

Nyanya hakurudi kutoka hospitali, hakumaliza hata msimu ule wa mvua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na katika boma letu mjukuu hakuhitaji kutafutwa mbali. Najua mtu mwenye huruma ataniambia nilikuwa mtoto, kwamba sukari ingemuua tu, kwamba wakubwa ndio waliokosea kumpa mtoto kazi ya mganga. Nimejiambia hayo yote. Hayajawahi kunituliza hata usiku mmoja.

Ndiyo maana mwezi uliopita, shangazi aliposema kile alichosema juu ya kitabu, nilikaa jikoni mwa nyanya nikijua kwamba nikinyamaza nitakuwa nimeua wawili. Nje fundi alikuwa anang'oa mabati, akiyatupa chini moja moja. Nikamweleza. Nilimweleza kituo cha gari moshi, ndizi, kurasa mbili za mwisho, sanduku. Nilifungua kurasa zile nikamsomea, safari hii kila neno, nikitafsiri polepole.

Nilipomaliza akauliza, "Na ulikuwa unasoma nini kumbe?"

"Riwaya."

"Ya nini?"

"Ya mapenzi, shangazi."

Alicheka kicheko kifupi ambacho sitaki kukisikia tena. Akageukia mlangoni. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Basi kuna kitu sikukuambia. Mama aliniita pale wodini, mguu ukiwa umekatwa. Akaniambia, 'Kwa ile harusi ya Kebirigo nilikula nyama ya kukaanga, vipande viwili, nikificha mdomo na leso, na kitabu kilikuwa kimenikataza. Ndiyo maana mguu umeenda. Mwambie mtoto anisamehe. Yeye alinisomea vizuri, mimi ndio sikusikia.' Mimi nikaona ni maneno ya mgonjwa. Nikasahau kukuletea."

Akainuka, akaenda kumwambia fundi asivunje mlango, kwamba mlango bado ni mzima na una mnunuzi.

Binti yake amenijulisha kwamba shangazi ameanza kwenda kliniki, amenunua viatu vya kufunika miguu, na anapima chakula chake kwa kikombe. Habari hizo nazipata kwa binti kwa sababu shangazi mwenyewe hapokei simu yangu. Simlaumu. Nyumba haipo tena, na mteremko wote uliokuwa chai umepandwa parachichi za kuuza nje. Baraza ile ambapo mwanamke mzima alimwamini mtoto kwa sababu tu mtoto alijua kusoma imekuwa shimo la takataka za fundi. Jirani alihama, sijui kwenda wapi. Naandika haya nikijua kwamba nyanya alikufa akisubiri nimsamehe, akingojea jibu kutoka kwa mtoto aliyekuwa nyumbani akiwalisha kuku, na kwamba hakuna mtu aliyempelekea.