Msafiri wa Barafu na Ghala la Landover

Harufu ya katoni zilizoganda hunirudisha Landover, huku Marekani. Nikiwa dukani, nikifungua mlango wa friza kuchukua njegere, ile hewa kavu ikinipiga usoni, namwona Baba akiingia nyumbani kwetu Riverdale Park alasiri, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, mashavu yanang'aa mafuta. Alifanya kazi kwenye ghala la vyakula vya barafu. Kwao Kitale watu huvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Hapa yeye aliondoka nyumbani na makoti mawili hata mwezi wa Julai, na majirani walimtazama sana.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alipitisha boksi la vikaratasi, kila kimoja na jina la msafiri maarufu wa kuandika habari zake. Mimi nikamtoa Mmarekani mweusi aliyefika pande za Ncha ya Kaskazini pamoja na mkubwa wake mzungu. Niwaambie ukweli, nilinuna. Kitabu cha maktaba kilimpa yule mkubwa kurasa kibao, na mtu wangu aya mbili. Nikaandika sentensi nne: alikuwa msaidizi, alibeba mizigo, aliona baridi, alirudi nyumbani.

Baba akataka nimsomee. Nikamsomea kwa Kiingereza, maana Kiswahili nilikielewa lakini ulimi wangu ulikikwepa.

"Nani aliendesha hawa mbwa?" akauliza, akitazama picha kitabuni.

Nikarudi kwenye zile aya mbili. Ni yeye, nikamjibu.

"Na hizi sleji wanazozivuta kwenye barafu, nani alizitengeneza?"

Ni yeye.

"Lugha ya wenyeji wa huko, nani aliijua?"

Ni yeye tena, nikasema, sasa kwa sauti ndogo.

"Sasa huyo ndiye umemwandika mbeba mizigo?"

Jumamosi akanipeleka kazini. Alimwomba mlinzi ruhusa, akanivika koti lake la akiba lililofika chini kabisa, akaniingiza ndani ya friza yenyewe, kubwa kuliko kanisa letu. Akanipa kipande cha kamba.

"Vua glavu, kisha funga fundo."

Nikacheka, maana viatu nilivifunga mwenyewe tangu chekechea. Lakini pua ilishikana ndani, na kila nilipovuta pumzi meno yaliuma. Vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Kamba ikaanguka mara mbili. Baba akaiokota, akanisugua mikono, akanirudishia glavu.

"Hizo ni dakika mbili," alisema. "Yeye alifunga mafundo hayo kutwa, miaka na miaka. Andika hivyo."

Tulipokuwa tukitoka, kijana mmoja mwenye kadi shingoni alimsimamisha, akamwuliza ni paleti zipi za katoni zipakiwe kwanza. Baba akamweleza polepole. Kijana akaandika, akaomba arudie, akaandika tena. Nilidhani ni mwanafunzi wa kazi, na Baba akapanda cheo machoni pangu.

Jumatatu nilisoma kurasa tatu mbele ya darasa. Mwalimu akauliza habari za vidole nimezipata wapi. Nikasema kwa babangu, na nikataja ghala bila kuona haya, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kazi na kumlalamikia Mama kwamba bosi wangu huniruka kila anapopandisha watu vyeo, nikamkumbuka yule kijana wa ghalani, nikamtajia kama mzaha.

"Yule alikuwa supavaiza wake, mkubwa wake kazini," Mama akasema. "Baba yako ndiye aliyemfundisha kazi, kijana yule na wengine wawili kabla yake. Hicho cheo baba yako alikiomba mara tatu, wakamnyima."

Sikuwahi kulisikia hilo mezani kwetu. Siku ile kwenye baridi Baba angeweza kunionyesha kijana yule na kuniambia yote, na mimi ningemhurumia. Hakutaka nimhurumie. Alinifundisha kuuliza nani aliifanya kazi, kisha akaniacha nikue hadi niweze kuuliza swali hilo juu yake.