Vidonge vya Sista na Harufu ya Nyumba Yetu

Harufu ya kahawa inayokaangwa hunitia wasiwasi mpaka leo. Wengine huivuta puani na kutabasamu. Mimi hutazama kwanza kama mlango umefungwa na kama kuna mgonjwa ndani. Nilikuwa na miaka kama kumi. Wajerumani walikwisha kujenga boma lao Morogoro, ila reli ilikuwa bado haijafika, nasi tuliishi juu kwenye mteremko wa Uluguru, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Mkuu wa nyumba yetu alikuwa mjomba, kaka yake mama, kama ilivyo desturi yetu Waluguru. Alifanya kibarua katika shamba la kahawa la misheni, na kila jioni alirudi na punje kidogo, akazikaanga kwenye kigae, akanywa kahawa chungu huku akivuta kiko. Nyumba ilinuka kahawa, tumbaku, moshi, na mbuzi wanne waliolala pamoja nasi. Hatukuwahi kuona kwamba ni harufu. Kwetu ndiyo ilikuwa nyumbani kwenyewe.

Masika ya mwaka huo kuhara damu kulipanda mlima nyumba kwa nyumba, mpaka kukamfikia mdogo wangu Mkude, mtoto wa miaka minne, mnene, mwenye kelele. Katika siku mbili kelele ziliisha, na unene nao ukaanza kumtoka. Mama akambeba mgongoni, tukaenda misheni kwa Sista aliyekuwa akitibu watu kwa kisanduku cha chupa ndogondogo. Alimpima Mkude kwa maswali ambayo hatujawahi kuyasikia kwa mganga yeyote: anapenda maji ya baridi au ya moto? Akiumwa hulia au hukasirika? Kisha akatupa kichupa chenye vidonge vyeupe, vidogo kama punje za ulezi. Alieleza kwamba ndani yake kuna kitu ambacho kikimwingia mtu mwenye afya humharisha, ila kimechanganywa na maji, tone lake likachanganywa tena na maji mengine, na tena, na tena, mpaka kikageuka kuwa tiba. Mama alielewa nusu ya kwanza upesi. "Dawa ya moto ni moto," alisema. Nusu ya pili ilimshinda mjomba tulipomsimulia jioni. "Hiyo ni kama kutupa chembe ya chumvi kwenye kijito huku juu," alisema, "halafu uwaambie watu wa Mlali, kule chini bondeni, wasitie chumvi kwenye mboga zao."

Masharti ya Sista yalikuwa haya: vidonge vitatu juu ya ulimi, asubuhi, adhuhuri na jioni, visiguswe kwa mkono, na vikae mbali na kahawa, tumbaku na kila chenye harufu kali, maana harufu huua nguvu yake. Mama alinikabidhi mimi kichupa. Alijua ninavyoogopa kukosea. Nakiri kwamba nilikuwa mtoto wa kufagia mahali palipokwisha kufagiwa, na sasa niliambiwa kwamba uhai wa mdogo wangu unaweza kuuawa na harufu, katika nyumba ile.

Nilianza na mbuzi. Niliwatoa, nikawafunga chini ya mchungwa, wakapiga kelele kama waliodhulumiwa. Nikakwangua sakafu, nikaanika mikeka, nikazichukua nguo chafu za mgonjwa kuzifulia mbali, na uchafu wake nikaufukia shambani, mbali na kijito. Nzi walipungua, lakini sikuwafikiria nzi, nilifikiria vidonge. Niliinusa mikono yangu kila nilipomshika Mkude, nikaiosha, nikainusa tena, kisha nikamfanya mama naye aoshe ya kwake kabla ya kupika. Maji ya kijito, kwa kuwa masika huyatia harufu ya tope, niliyachemsha yote ya kunywa. Mwishoni alibaki mjomba, na mtoto hamwamrishi mjomba wake. Nilipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Leo nimenuka nini tena?"

"Kiko, mjomba. Na kahawa."

"Dada," alimwita mama, "huyu ni mwanao au ni akida wa Wajerumani?" Lakini aliinuka, akachukua kiko chake, akatoka kwenda kuvutia mvuani huku amejifunika jani la mgomba.

Mtu wa kawaida angetosheka hapo. Mimi nilinusa kizibo cha kichupa nikaona kinanuka. Nikakitupa, nikafunika mdomo wa kichupa kwa kipande cha jani, nikakiweka juu ya jiwe safi nje ya ukuta, upande usiofikiwa na moshi. Siku ya pili asubuhi nilikuta jani limetobolewa, kichupa kitupu, na msafara mrefu wa sisimizi ukielekea shimoni, wa mwisho akikokota kidonge cha mwisho kwa bidii kubwa. Vilikuwa vitamu vile; kumbe ni sukari.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilijua methali hiyo, na bado nilinyamaza. Niliona nimemuua Mkude kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa siku tatu nilichota maji yaliyochemshwa kwa kijiko, nikamwekea ulimini asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa uso wa mtu anayetoa dawa, huku mama akimnywesha uji mwepesi wenye chumvi kidogo, fundo kwa fundo, kutwa nzima. Kila alipofumba macho nilimwekea kidole chini ya pua. Siku ya tatu adhuhuri alikisukuma kijiko changu, akakunja uso, akasema anataka muhogo. Mama alicheka huku akilia. Mimi nilikimbilia shambani kuchimba muhogo.

Mjomba aliamua tupeleke kuku wa shukrani kwa Sista. Mbele ya wote, kabla kuku hajapokewa, nilishindwa kujizuia nikasema yote: kizibo, jani, sisimizi, kijiko cha maji matupu. Sista aliuliza mengine niliyoyafanya, nikamhesabia tangu mbuzi hadi kijito. Alikitazama kisanduku chake, akanitazama mimi, kisha akasema taratibu, "Basi sisimizi wenu nao hawatahara mwaka huu."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. "Yaani," mjomba aliuliza, "siku tatu nimenyeshewa nikilinda chupa tupu?"

Sasa gari la moshi hufika Morogoro, na dawa zinazouzwa dukani zina maandishi ninayoweza kuyasoma, maana nimejifunza mwenyewe kwa karatasi zilizofungiwa chumvi. Ukurasa huu nimeuandika mara nne, bado naona makosa. Zamani niliamini kwamba uhai wa mtu unaning'inia kwenye kosa langu moja. Leo, wanawake wanaponiuliza vidonge vya Sista vinapatikana wapi, huwaambia wachemshe maji, waoshe mikono, wafukie uchafu, na wasimwache mtoto bila kunywa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Juzi tulikuwa tukipanda kutoka sokoni, Mkude na mimi, yeye akiwa na mzigo mzito kuliko wangu. Alinipita kwenye mteremko mkali kabisa, akageuka, akasema, "Dada, utafika kesho?" Niliketi juu ya jiwe nikamtazama akipotea mbele kwenye ukungu, anapiga mluzi, na sikutaka hata kidogo kumfikia.