Sufuria ya Wageni Pale Bakoba

Utomvu wa ndizi mbichi una harufu yake. Si tamu, wala huwezi kusema ni mbaya. Ni harufu ya ubichi, kama ya majani yaliyokatwa na umande wake, na utomvu wenyewe ukigusa nguo unaacha doa jeusi lisilosikia sabuni. Wiki iliyopita nilikuwa napita mtaa wa Bilele, mvua imetoka tu kunyesha, nikakuta akina mama wamekaa uani kwenye vigoda wakimenya ndizi za shughuli. Harufu ile ikanisimamisha barabarani kama mtu aliyeitwa jina. Mama mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu nyumbani. Akacheka, maana nyumbani kwenyewe ni pale pale Bukoba.

Baba yangu alikuwa na hoteli. Nikisema hoteli usifikirie vyumba na vitanda. Kwetu hoteli ni mahali pa kula. Ilikuwa pale Bakoba, mtaa mmoja wa mjini Bukoba, kibanda cha mbao chenye paa la bati, mabenchi marefu, na jiko la nyuma ambalo moshi wake ulikuwa na tabia ya kuingia ndani kuwasalimia wateja. Watu walimwita Ta Fideli. "Ta" ni heshima tunayompa mwanamume mtu mzima, kama ambavyo mwanamke tunamwita "Ma". Baba alikuwa mnene kidogo, mwenye kicheko cha kusikika hadi ng'ambo ya barabara, na hapakuwa na mtu aliyepita mlangoni kwake bila kukaribishwa.

Hapo ndipo palipokuwa na shida, ingawa mimi niliona ndiyo raha yenyewe. Asili yetu ni Muleba, kijiji cha Kimwani, na kila aliyetoka Muleba kuja mjini alikuwa ndugu. Aliyekuja kumwangalia mgonjwa hospitali alikula kwa baba. Aliyekuja kwa shauri la shamba alikula kwa baba. Wengine sijui walikuja kufanya nini, ila saa ya chakula iliwakuta benchini. Mama akimtazama tu, baba husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," kisha anachota tena. Mimi nikipita njiani na sare yangu ya shule niliitwa kwa furaha, "Koku, mtoto wa Ta Fideli!" Niliamini kwamba hakuna mtoto mwenye baba tajiri kama mimi. Kwamba viatu vyangu vilikuwa vimefungwa kwa waya sikuona kama ni jambo linalohusiana.

Kisha mama akajifungua mdogo wangu kwa upasuaji, akaambiwa apumzike muda mrefu na asiinue kitu kizito. Baba akabaki peke yake jikoni. Alipika kwa kukisia. Kuna siku nyama iliisha kabla wateja wa mchana hawajaketi, na kuna siku ndizi zilibaki sufuria nzima, zikaenda kwa nguruwe wa jirani, ambaye nadhani hakuna aliyenufaika na biashara yetu kumzidi. Mwenye kibanda, aliyekuwa anatudai kodi, akaanza kupita mara kwa mara, akisalimia kwa upole ule unaotisha. Jioni moja nikamsikia baba akimwambia mama kwamba atauza masufuria, aende visiwani kuvua. Mama akamwambia, "Baba Koku, wewe hujui kuogelea. Na kwenye boti unatapika kabla haijaondoka."

Kesho yake mama akapiga simu Kimwani, kwa dada mkubwa wa baba.

Shangazi, Ma Leokadia, alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenye hatua za mtu anayejua anakokwenda. Alishuka kwenye basi na furushi moja na upawa wake mwenyewe wa mti, akaingia jikoni kabla hajanywa maji. Baada ya mume wake kufa alikuwa amewapikia wavuvi miaka mingi kwenye kisiwa kimoja huko Muleba, kambi ya watu waliotoka kila upande, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, wote na njaa zao. Alituambia kwamba kule ziwa likichafuka boti ya chakula haiji, na hakuna jirani wa kumwazima chumvi. Mpishi ambaye hakufikiria kesho ataangaliwa machoni na wanaume ishirini wenye njaa. "Ukishaangaliwa hivyo mara moja," alisema, "unajifunza kupanga."

Akaanza siku hiyo hiyo. Jioni, kabla ya kufunga, alimkalisha baba kwenye kigoda na kumuuliza: Kesho ni siku gani? Ni siku ya soko? Wanafunzi wana mitihani? Mvua ikinyesha wanaokuja ni wengi au wachache? Baba alijibu kama mtoto aliyeitwa ubaoni, na nilishangaa kuona kwamba majibu yote alikuwa nayo. Alijua kwamba siku ya mvua watu hutaka mchuzi na siku ya jua hutaka maharage. Alikuwa hajawahi tu kuulizwa. Kutokana na hayo walikata shauri wanunue mikungu mingapi na nyama kiasi gani, na hakuna aliyeruhusiwa kubadilisha asubuhi kwa sababu ameamka na moyo mkunjufu. Upawa ukawa mmoja, wa shangazi, ujazo mmoja kwa kila sahani, awe diwani au mchoma mkaa. Ufunguo wa stoo ukahamia shingoni kwake, ukaning'inia pamoja na rozari.

Na akaleta sufuria ndogo ya bluu, iliyobanduka rangi mdomoni. "Hii ni ya wageni wako, Fideli," alimwambia. "Kila asubuhi nitaijaza kabla sijauza sahani hata moja. Humo gawa unavyotaka, sitakuuliza. Ikiisha, imeisha."

Baba alicheka kile kicheko chake. Nadhani aliona ni mchezo.

Haikuchukua muda. Alasiri moja akaja Ta Projesti, binamu wa mbali, na mkewe aliyekuwa ametoka kumwona daktari. Walikuwa wamechoka, viatu vimejaa tope jekundu la njiani. Sufuria ya bluu ilikuwa tupu tangu mchana. Baba alikuwa ameimalizia kwa vijana waliokuja kuangalia mpira. Akaingia jikoni na sahani mbili, akanyoosha mkono kwenye sufuria kubwa. Shangazi akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Hiyo ni ya kuuza."

"Dada, ni Projesti! Mke wake mgonjwa."

"Nimewaona."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umesahau?"

"Mwenyeji atapona vipi akiwa amefunga mlango?" Hakupandisha sauti. "Ukichota humu leo, kesho huna cha kununulia ndizi. Keshokutwa Projesti akija atakuta kufuli. Hapo utakuwa umempa nini?"

Baba akabaki ameshika zile sahani mbili. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya vyombo, na nilimchukia shangazi kwa moyo wote. Mbele ya macho yangu alikuwa anamvunjia baba heshima, na wageni wamekaa pale mbele wanangoja.

Kisha shangazi akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akafungua kapu lake, akatoa chungu kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kilikuwa chakula chetu cha jioni, chetu sisi wa nyumbani: ndizi na samaki mkavu aliyeungwa na karanga, nilichokuwa nimekinusa tangu natoka shule. Akapakua sahani mbili, zimejaa vizuri, akazibeba mwenyewe hadi mezani. Akapiga goti kidogo kama desturi inavyotaka, akawaambia, "Karibuni waitu, ndugu zetu. Poleni na safari." Akakaa na yule mama, akamuuliza habari za ugonjwa wake, akamsifia mtandio. Ungemwona usingedhani ni yule wa kifuniko.

Jioni ile sisi tulikunywa uji. Uji mtupu, wote, hata mama aliyekuwa ananyonyesha, ingawa yeye aliongezewa maziwa. Nikalia. Nikasema si haki, shangazi ametoa chakula changu bila kuniuliza. Shangazi hakunigombeza. Alinitazama, kisha akamtazama baba, akasema taratibu, "Mtoto amesema kweli. Hakuulizwa."

Baba aliinamia kikombe chake. Nakumbuka uso wake ulivyokuwa unatoka jasho kwa moto wa jikoni, au pengine kwa jambo jingine. Asubuhi yake aliamka mapema, akaenda yeye mwenyewe kuijaza sufuria ya bluu, na tangu siku hiyo alikuwa anaigawa kwa akili. Vijana wa mpira walipata chai. Aliyetoka hospitali alipata sahani.

Mambo yakaanza kutulia. Nguruwe wa jirani akakonda. Mwenye kibanda akawa anapita na kukaa kula, analipa, anaondoka. Halafu shangazi akaenda Kimwani kuangalia kibanja chake, shamba lake la migomba, akarudi na uso wa mtu aliyeona moshi kwenye paa.

"Kuna mnyauko," alisema. "Migomba kwa jirani yangu inageuka njano ikiwa imesimama. Mkungu ukiupasua, ndani umeoza. Ugonjwa ule hausimami kwenye mpaka wa mtu."

"Bakoba ndizi zipo tele," baba akasema.

"Ndiyo maana tuanze sasa, wakati zipo."

Shauri lake lilikuwa kwamba baadhi ya siku tupike viazi vitamu na maharage, na ugali wa mhogo na dagaa. Baba alishika kichwa. Anayewajua Wahaya atamwelewa. Kwetu, mtu anaweza kula hadi akafungua mkanda, lakini kama hakugusa ndizi atakuambia hajala. Siku ya kwanza ya ugali mzee mmoja, mteja wetu wa kila siku, aliumaliza wote, akanawa, akakunja mikono, akamuuliza baba kwa adabu, "Sasa Ta Fideli, chakula kinakuja lini?" Hoteli nzima iliangua kicheko, na baba akacheka kuliko wote, ingawa nilimwona akichungulia jikoni kama mtu anayeomba msaada. Shangazi akamtumia mzee kipande kimoja cha ndizi, kimoja tu, katikati ya sahani kubwa. Mzee akakipokea kama komunyo.

Watu walinung'unika, wakazoea. Wapo hata waliokuja kwa ajili ya yale maharage, maana shangazi aliyaunga kwa samli. Kwa hiyo mnyauko ulipofika kweli, mikungu ikaadimika sokoni na bei yake ikawafanya akina mama waguse na kurudisha, sisi tulikuwa na magunia ya maharage stoo, na wateja waliokwisha kujua ladha yake. Hoteli ya jirani yetu, kubwa kuliko yetu, yenye televisheni, iliendelea kupika ndizi tupu kwa bei ya juu, kisha ikawa inafungua siku moja moja, kisha ikafungwa. Mwenyewe alikuwa mtu mwema. Siku aliyokuwa anatoa mabenchi yake, baba alimpelekea chai, wakainywa wakiwa wawili kwenye benchi la mwisho lililobaki. Nilimwona baba akiyatazama yale mabenchi mengine yakipakiwa kwenye mkokoteni.

Mama alipopata nguvu akarudi jikoni, na shangazi akarudi Kimwani kupanda migomba mipya. Aliondoka asubuhi, bila sherehe. Mimi, ambaye nilikuwa nimemchukia, nilishika kanga yake hadi kondakta akacheka.

Miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya baba mkarimu na shangazi mkali aliyeiokoa hoteli yake. Nilipokua nikafungua duka langu dogo la vitambaa, nikajua mambo mengine: kwamba hata kabla ya ule uji tulikuwa tunalipa, kila siku, bila kuulizwa, na waya kwenye viatu vyangu ulikuwa ni sehemu ya malipo. Nilidhani basi nimeelewa yote.

Krismasi iliyopita nilikaa na baba barazani. Sasa ni mzee, amepungua mwili, kicheko kimebaki kile kile. Hoteli anaiendesha mdogo wangu. Nikamuuliza kama hakuumia, mwanamume mzima, kupangiwa na dada yake ajikune wapi.

Alitafuna kwanza buni yake ya kahawa, kama wazee wetu wanavyopenda.

"Watu walisema nina moyo mkubwa," akaniambia. "Nilikuwa na hofu, Koku. Niliogopa mtu atoke kwangu aseme Fideli amebadilika. Nilikuwa namwona mgeni mlangoni, nacheka, huku nawaza kilichobaki kwenye sufuria. Usiku silali, nahesabu nani atakuja kesho."

"Na Shangazi alipokuja?"

"Alipokuja nikaanza kulala," akasema. "Na nikagundua kwamba wageni ninawapenda kweli."

Kisha akainuka polepole, maana kulikuwa na mtu anabisha hodi getini, na alitaka kumfungulia mwenyewe.