Ng'ombe wa Majaribio

Juzi nilikuwa mtaa wa Thongpiny, hapa Juba, katika ofisi inayouza ng'ombe wa karamu, naagiza wa arusi ya mpwa wangu. Karani alikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. Alikuwa ameunganisha kompyuta yenye orodha ya wateja na simu za madereva.

"Nikiandika oda hapa, kazi inaingia yenyewe kwenye simu ya dereva. Simpigii mtu, khalas! Cheki hii, ya majaribio tu."

Akachagua mteja, mama mmoja wa mtaa wa Hai Malakal, akaandika: ng'ombe mmoja, apelekwe leo. Akabonyeza kwa madaha. Tukanywa chai. Alikuwa bado anajisifu kompyuta ilipoonyesha: kazi imekamilika.

"Imekamilika vipi?" akauliza, kikombe kikiwa hakijafika mdomoni.

Simu yake ikalia. Vigelegele vilitangulia salamu.

"Mwanangu, ng'ombe amefika!" mama yule akasema. "Baba yake binti yetu anauliza, wengine wanakuja lini?"

Hapa Juba ng'ombe hafungwi kwenye lango la watu wenye binti bila sababu; ng'ombe ndio mahari. Nikamwashiria karani kwa mikono miwili: sema ni makosa! Akajifuta jasho, akanipa mgongo, akauliza kwa sauti ya chini, "Na binti mwenyewe, mama, anasemaje?"

"Yeye ndiye anamnywesha maji."

Mnaolaumu mitambo, kumbukeni kwamba kompyuta ile ina wateja tele, na kidole kilichomchagua mama huyo kilikuwa cha mtu. Nasikia majaribio yanaendelea. Jana wamepelekwa ng'ombe wengine Hai Malakal. Wa mpwa wangu bado.