Jina la Kichina la Manivone

Mimi naitwa Zaituni Shekue, mzaliwa wa Pangani, na huu ni mwaka wangu wa nne nasoma uhandisi wa maji huku Harbin. Nawaambia mapema, mimi si mtu wa kuamini mashetani ovyo. Bibi yangu kila paka akilia alikuwa na kisa chake, nami nikakua nikimcheka. Kwa hiyo hili silisimulii kwa sababu napenda. Nalisimulia kwa sababu nililiona kwa macho yangu na mpaka leo limenikwama kooni.

Mlangoni mwa bweni letu la wageni palikuwa na mwanamke mmoja, jina lake Qiao. Sisi sote, Wapakistani, Wamongolia, Wakongo na wengineo, tulimwita Mama Mdogo, maana ndivyo wanafunzi wa huku wanavyowaita akina mama wanaolinda mabweni. Alikaa kwenye kichumba cha vioo na chupa yake ya chai, akifuma soksi. Alijua nani amefeli, nani ameachwa na mchumba, nani ameficha jiko la umeme uvunguni. Langu alilichukua, nikanunua jingine, akalichukua na hilo. Baridi ikianza, alikuwa akikushika paja pale pale mlangoni aone kama umevaa suruali ya pili ya baridi kwa ndani, na kama hujavaa anakurudisha ghorofani mbele za watu.

"Wee Zaituni, magoti yakikuoza uzeeni usije ukasema sikukwambia."

"Mama Mdogo, mimi uzeeni nitakuwa kwetu. Kwetu kuna joto."

"Magoti yanajua kwenu wapi? Panda juu ukavae."

Ndivyo alivyokuwa, na tulimpenda. Kila aliyeingia jioni alimwuliza swali lile lile, "Umerudi?" na mtu akajibu, "Nimerudi, Mama Mdogo." Ni salamu ya huku, kama sisi tunavyoulizana za kutwa. Hakuna aliyeitilia maanani.

Manivone aliletwa chumbani kwangu mwezi wa tisa. Alitoka Thakhek, nchi ya Laos, ambako mama yake anauza kuku wa kuchoma na wali wa kunata kando ya mto Mekong. Alikuwa mwembamba, mcheshi, anacheka huku amefunika mdomo. Alikuja na mtungi wa samaki waliovundikwa, ukanuka ujia mzima. Tuligombana juu ya ule mtungi siku aliyofika, tukapatana kesho yake kwa sababu alinipikia. Mkononi alikuwa na nyuzi nyeupe za pamba. Kwao mtu ana roho nyingi, na zikishtuka hutoka moja moja zikatangatanga. Basi siku ya safari mama yake na majirani walimfunga zile nyuzi ili roho zake zitulie.

Sasa, kadi ya mwanafunzi lazima iwe na jina la Kichina. Kwa kawaida walimu ndio hutupa. Mimi nilipewa Bai, yaani Nyeupe, na mwalimu mwenyewe akajificha nyuma ya kitabu acheke. Manivone alifika wakati walimu wameshaondoka, na karani alitaka jina hapo hapo ndipo ampe ufunguo. Mama Mdogo akatoa kichwa dirishani kwake.

"Mwandike Meng Dan," akasema. "Meng inaendana na hiyo Mani yake. Na Dan ni jina zuri la kike."

Karani akaandika, sisi tukasema ahsante Mama Mdogo, una moyo. Tangu jioni hiyo alimwita Dandan, kama watu wa huku wanavyowaita watoto wanaodekezwa.

Katikati ya mwezi wa kumi mabomba ya joto yalifunguliwa. Chumba kikawa tanuri, mimi wa Pangani nikawa nafungua dirisha. Manivone alilala na koti. Ukimgusa mkono ulikuwa wa baridi, na si baridi tu, ulikuwa na unyevu. Asubuhi nikawa nakuta nywele zake zimelowa chepechepe, na mto umelowa, na bafu liko mwisho wa ujia wala hakwenda.

"Umeota nini wewe?"

"Sijaota. Nimelala tu."

Mara nikaona ule mtungi wa samaki ameutupa, eti unanuka. Akawa anakula mapeasi yaliyogandishwa, yale meusi wanayoyapenda watu wa huku, anayatoboa kwa jino anayafyonza. Kichina chake kikanishangaza. Mwezi wa tisa alikuwa analia darasani kwa kushindwa kutamka, na mwezi wa kumi na moja haujafika akawa anaongea kama wauza mboga wa Harbin, na kuburuta kwao na matani yao. Walimu wakamsifu. Mimi nilimwonea wivu, nisidanganye, maana mwaka wa nne huu bado naungaunga. Nikamtania, "Mwenzangu umemeza redio?" Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Siku zile nyuzi za mkononi zilianza kukatika, na yeye hakuziokota.

Kila jioni alizungumza na mama yake kwa simu ya picha. Jioni moja nikasikia mama anaongea, anaongea, mtoto kimya. Kisha Manivone akamjibu kwa Kichina, "Mama, huku kuna baridi."

Yule mama akaisogelea kamera. Manivone akafungua mdomo, nikamwona anayatafuta maneno ya kwao na hayaji. Akaniwekea simu mkononi, akaenda kukaa kitandani kwake akiutazama ukuta. Mama wa watu hajui Kichina wala Kiingereza. Tukatumia ile programu ya kutafsiri, yeye anasema, mimi nasoma.

"Huyo aliyeongea ni nani?"

Nikaandika kwamba ni Manivone.

"Sura ni yake. Sauti siyo. Binti yangu, mwanangu anatoka, na kuna anayeingia. Mwite kwa jina lake. Mimi namwita huku, nawe mwite huko."

Niliogopa. Nikasoma Ayatul Kursi, nikampulizia kichwani, nikamwita Manivone, Manivone, mpaka sauti ikakauka. Akanishukuru kwa Kichina, kwa adabu sana, akajifunika.

Kesho yake nikamwita Fundi Hou, mzee wa mabomba, kwa sababu upande wa Manivone bomba la joto lilikuwa la baridi kama mochwari. Manivone alikuwa darasani. Hou akaligusa bomba, akasema linachemka, wewe una wazimu. Halafu akaiona kadi ya mwenzangu imetundikwa kitandani, akaisogelea.

"Nani kampa huyu jina hili?"

"Mama Mdogo Qiao. Kuna nini?"

Hou akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu bila kuomba ruhusa. "Meng Dan ni binti wa Qiao, Meng ni ukoo wa baba yake," akasema. "Alikuwa mwanafunzi kama nyinyi. Alivuka mto kwa miguu juu ya barafu, mwishoni mwa baridi, nayo imeshaoza. Hakupatikana hata kiatu."

"Pole yake. Lakini kwetu marehemu tunamrithisha mtoto jina. Ni heshima."

"Kwenu marehemu amezikwa. Huyu hajazikwa, bado anatafuta pa kuingia." Akaishusha sauti. "Mtoto akipotea hivyo, mama yake husimama mlangoni jioni akamwita, na ndani lazima awepo mtu wa kumwitikia, 'Amerudi.' Qiao ameita miaka. Mumewe hakutaka kuitikia, alisema ukimwitikia mfu unamfungulia mlango. Kisha akahamia kusini. Akabaki mama peke yake anaita, hakuna wa kujibu."

Nikaikumbuka ile salamu ya mlangoni. Kila jioni, mbele ya macho yangu, yule mama alikuwa anauliza, "Dandan, umerudi?" na Manivone wangu, na adabu zake za Kilao, anainama anajibu, "Nimerudi."

"Kesho ni mosi ya mwezi wa kumi kwa kalenda yetu ya mwezi mwandamo," Hou akaendelea. "Watu wanawachomea wafu nguo za baridi njiapanda. Mwenzako akimwitikia Qiao pale motoni, basi."

"Basi nini, mzee? Sema."

"Basi huyo mwenzako harudi. Atakuwa Meng Dan."

Nilishuka ngazi na hasira zangu. Mama Mdogo alikuwa anafuma, wala hakuinua kichwa.

"Umemfanya nini mwenzangu?"

"Sijamfanya kitu. Anakula, ananenepa, anaongea vizuri kuliko wewe."

"Haongei na mama yake tena. Mama yake kule analia."

"Na mimi je?" akasema, na sindano zikasimama. "Wangu aliongea nami lini?"

Nikapanda juu.

Siku ya pili yake nilikuwa na mtihani usioahirishika, nikatoka maabara saa kumi na moja jioni, na kwa huku wakati huo giza limeshaingia. Chumbani hapakuwa na mtu. Viatu vya Manivone vilikuwa pale, mwenyewe hayupo. Nikampigia mama yake huku nakimbia, nikatokea geti la kaskazini, penye njiapanda.

Njiapanda ilijaa mioto midogo. Kila familia imechora duara la chaki barabarani na kuliacha wazi upande mmoja, ule ambako mfu wao yuko. Duara la Mama Mdogo liliachwa wazi upande wa mto. Alikuwa amepiga magoti, pembeni ameweka koti la karatasi jekundu alilolibandika mwenyewe, lina mpaka vifungo. Ng'ambo ya moto alisimama Manivone na soksi tupu juu ya theluji. Nywele zinachuruzika maji.

"Dandan," Mama Mdogo akaita, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Dandan, umerudi nyumbani?"

Manivone akafungua mdomo. Sikungoja, nilimrukia nikamziba kwa kiganja. Wallahi nawaambia, maji yalinitoka kati ya vidole, ya baridi, yananuka tope la mto.

Simu ilikuwa mkono wa pili, iko hewani. Kule Thakhek yule mama amekaa chini na majirani zake, mbele yao sinia la maua na mayai na nyuzi, naye anaita. Anaita kwa kuvuta sauti, kama mtu anayebembeleza mtoto aliyejificha, na koo limemkauka kabisa.

Mama Mdogo akainua uso. "Anasema nini huyo?"

"Sijui, Mama Mdogo. Mimi Kilao sikijui."

Akasikiliza. "Anamwita," akasema.

"Ndiyo."

"Ameanza lini?"

"Tangu juzi. Hajanyamaza."

Akawa anaitazama ile simu. Akaanza kulia bila sauti, machozi yanamshuka hata hayafuti. Kisha akainuka, akauzunguka moto, akautoa mkono wangu kinywani mwa Manivone, taratibu.

"Dandan," akasema. "Nenda, mwanangu."

Ikajibu ile sauti ya Harbin, kutoka kinywa cha mwenzangu, mimi nimemkumbatia. "Mama, ndiyo kwanza nimefika. Mbona unanifukuza? Kule kuna baridi."

"Najua kuna baridi. Ndiyo maana nimekutengenezea koti." Alikuwa anamfuta nywele kwa mkono wake. "Livae, ufunge vifungo vyote, uende. Hapa ulipoingia ni nyumba ya watu. Huyu ana mama yake, humsikii?"

"Na mimi?"

Mama Mdogo alilitupa koti motoni. Liliwaka mara moja, likainuka, likageuka jivu likielekea ule upande uliokuwa wazi. Manivone akanilegea mikononi, akatapika maji meusi juu ya theluji, akakohoa, akakohoa. Halafu akaisikia simu. Akaipapasa, akaishika kwa mikono miwili, akamwitikia mama yake kwa lugha yao, na kule Thakhek wakapiga yowe wote kwa pamoja.

"Twendeni," Mama Mdogo akasema. "Ukishachoma, unaondoka. Na hugeuki nyuma, ukigeuka atakufuata."

Nikamvika Manivone koti langu, nikamwegemeza begani, Mama Mdogo upande wa pili. Tukaondoka hatua chache hivi. Ndipo nyuma yetu, pale motoni, msichana akaita.

"Mama."

Manivone alikuwa begani kwangu anaongea Kilao, analia na kucheka. Hakuwa yeye.

"Mama, koti limenienea. Geuka uone."

Mama Mdogo akasimama. Nikauona uso wake unataka kugeuka wenyewe.

"Zaituni," akaniambia. "Nishike, nisigeuke."

Nikamshika kwa nguvu zangu zote, tukaendelea kutembea.